Amana Ambayo Milima Iliikataa

Mkaaji wa Karavia, upande ule wa Lubumbashi wenye hoteli kubwa ya jina hilo, uwanja wa gofu na ziwa la kutembelea jioni, aweza kupitisha kiangazi kizima bila ya kuingiwa na fikra kwamba mji wake umejengwa juu ya kitu kinachokwisha. Kwani lile jabali jeusi la taka za tanuri, pamoja na dohani ndefu iliyosimama kando yake, ambavyo machoni pa walimwengu ndivyo alama ya mji, viko mbali na njia zake za kila siku. Wala simlaumu, maana kila mji wa madini una mahali pake pa kusahau. Nataka tu kumwuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ni la dini na falsafa kabla ya kuwa la uchumi: mtu ana haki gani juu ya kitu ambacho akishakitumia hakizaliwi tena? Mahindi huvunwa yakapandwa, samaki huvuliwa wakazaana wakipewa nafasi, msitu wa miombo hukatwa ukachipua ukiachwa upumzike. Lakini shaba iliyotoka mlimani imetoka, na mlima hauoti mwingine.

Wengine wangelipeleka swali hili kanisani au msikitini, na wengine katika ofisi za migodi. Mimi ningelipeleka kwanza katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, nyumba iliyoanza mwaka 1946 kwa jina la Léopold II, mfalme wa Ubelgiji ambaye hakupata kuikanyaga nchi aliyoifanya mali yake binafsi, na ambayo tangu kuundwa kwa taasisi ya makumbusho ya taifa mwaka 1970 imekuwa chini ya dola ya Wakongo wenyewe. Sababu yangu si kwamba nyumba hiyo imekwisha lijibu swali. Sababu ni kwamba humo ndimo vitu vya waliokufa hushikwa na walio hai kwa ajili ya wasiozaliwa, jambo ambalo mahali pengine husemwa kwa maneno tu, na humo hufanywa kila siku kwa ufunguo, kabati, daftari, na vita visivyokwisha dhidi ya mchwa na unyevu.

Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipokutana Prague mwezi wa Agosti 2022 liliandika upya maana rasmi ya makumbusho, likatia ndani yake kazi ya kukuza uendelevu. Na tangu hapo neno hilo limeandamana na barua, semina na maombi ya fedha katika kila pembe ya dunia. Ni neno jema. Lakini likifika Katanga hukuta jambo la kustaajabisha, nalo ni kwamba zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa ulimwenguni hutoka Kongo, na hiyo hutoka katika ardhi hii ya Katanga ya zamani, ikaenda kutengeneza betri za magari ambayo huko yaendako husifiwa kwa kutochafua hewa. Usafi wa mji mmoja hulipwa kwa vumbi la mji mwingine, kisha mwenye kuupata usafi huo ndiye ajaye kutufundisha kiasi. Hili halilifanyi fundisho lake kuwa la uongo. Ila huilazimisha elimu ya uendelevu, ikifundishwa Lubumbashi, itangulize insafu kabla ya nasaha. Mtoto wa mitaa ya Katuba au Kamalondo, ambaye mama yake hupikia makaa kwa sababu umeme haumfikii au humfikia kwa kudokoa, hawezi kuambiwa kwamba ni yeye aliyeumaliza msitu wa miombo, kisha somo likaishia hapo.

Tuanze basi na vitu vyenyewe. Katika bonde la Upemba, kando ya ziwa Kisale, pana makaburi ya Sanga, ambayo Jacques Nenquin na Jean Hiernaux waliyafukua mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akayarejea mwaka 1974. Makaburi ya zamani, ya takriban karne ya 8 hadi ya 13, yametoa vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, mapambo ya shaba na zana za chuma. Na katika yale yaliyofuata ndipo ilipoonekana kwa wingi misalaba ya shaba, ile iliyochorwa mwaka 1960 katika bendera ya Katanga iliyojitenga, na ambayo haina uhusiano wowote na msalaba wa Wakristo. Misalaba ya mwanzo ilikuwa mikubwa na michache, ikilazwa juu ya kifua cha maiti. Miaka ilivyopita ikawa midogo, mingi, na yenye vipimo vinavyokaribiana, hata wataalamu wakatambua kwamba kilichokuwa alama ya heshima kilikuwa kimegeuka fedha. Ni kisa kizima cha uchumi kilichoandikwa bila ya herufi moja, nacho chastahili kusomwa polepole na kila mwanafunzi wa Lubumbashi kabla hajafunzwa bei ya tani moja katika soko la London.

Lakini mimi huvutwa zaidi na jambo lingine. Watu hao, ambao shaba yao ilitoka mbali, katika vilima vya kusini, ikawafikia kwa biashara na juu ya mabega ya wachukuzi, waliirudisha ardhini pamoja na wafu wao. Mwanauchumi atasema ni israfu. Mwenye kuijua tabia ya binadamu ataongeza kwamba ilikuwa na fahari pia, maana tajiri hupenda kuonekana tajiri hata akiwa amefumba macho. Yote mawili yawe kweli, na bado tendo lenyewe limebeba itikadi ambayo sisi tumeipoteza: kwamba walio hai si washirika pekee katika mali, na kwamba aliyekwenda hajaondolewa katika hesabu.

Hapo huzuka taabu ya dhamiri ambayo walimu wa makumbusho aghalabu huipita kimya. Msalaba uliolazwa juu ya maiti, ukiwa leo ndani ya kabati la kioo, umetwaliwa kwa idhini ya nani? Ikiwa jibu ni kwamba tumeumiliki kwa kuwa tumeuona sisi, basi nyumba ya makumbusho imelifanyia kaburi yale yale ambayo kampuni iliufanyia mlima, na yote itakayomfundisha mtoto ni kwamba kila kilicho chini ni cha mwenye sururu. Utetezi uliosalia ni mmoja, nao ni kusema kwamba kitu kile tumekishika kwa amana. Na mtu akisema hivyo ajue amejitia katika sheria nzito. Wanazuoni wa fikihi wameyapambanua mambo haya kwa uangalifu: mwenye kuwekewa amana haruhusiwi kuitumia kwa manufaa yake, haruhusiwi kuizuia ikitakwa na mwenyewe, na ikipotea kwa uzembe wake hulipa. Katika mirathi wamekwenda mbali zaidi. Mtu akifa akaacha mjane mwenye mimba, fungu la aliye tumboni huwekwa mpaka azaliwe, wala ndugu zake hawana ruhusa ya kugawana kila kitu eti kwa sababu yeye hajaja kulia mbele yao.

Ipo tofauti, najua, kati ya mtoto aliye tumboni na kizazi ambacho hata wazazi wake hawajakutana. Na mwanafalsafa mkali atauliza jinsi gani asiyekuwepo awe na haki. Hata hivyo sheria hiyo hiyo imejua njia ya kumfikia hata huyo, kwa kuweka wakfu, ambao hunuiwa kuwafaa watu ambao mwenye kuuweka hatawajua kwa jina wala kwa sura. Lubumbashi kwa wingi wa watu wake ni mji wa Wakristo, na kwao pia hoja hii si ngeni, kwani mtu wa kwanza wa Maandiko alitiwa bustanini aitunze, si aimalize. Nami hupenda zaidi ile habari iliyomo katika Kurani, sura ya Al-Ahzab, ya amana iliyokataliwa na mbingu, ardhi na milima kwa ajili ya uzito wake, kisha ikapokewa na mwanadamu. Mtu akisimama penye shimo la Étoile, mgodi ambao wenyeji waliujua kwa jina la Kalukuluku kabla kampuni ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906, na akakumbuka kwamba pale palikuwa kilima, atashindwa kuizuia dhana kwamba milima ilimjua mapema mpokeaji.

Sasa atatokea mtu wa kusema kwamba wazee wetu waliyajua haya yote, na kwamba kazi ya makumbusho ni kuturudisha kwao. Taratibu. Tunajua kiasi juu ya wayeyushaji wa shaba wa zamani, wale ambao Jean-Félix de Hemptinne, kiongozi wa wamisionari Wabenedikto wa Katanga, aliwaandikia kitabu mwaka 1926 akiwaita wala shaba. Kazi yao ilikuwa ya kiangazi, baada ya mtama kuvunwa. Walifuata malakiti ya kijani juu ya vilima, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makaa kwa miti migumu ya miombo, wala hawakuanza bila ya kuwaomba wahenga na mizimu ya mahali pale. Mvua ikikaribia kila mtu alirudi shambani kwake, na kilima kikapumzika. Ni picha ya kupendeza, na mwenye kuandika vitabu vya shule atashawishika kuiacha hapo hapo.

Lakini mvua ndiyo iliyowazuia, si ucha Mungu peke yake. Wangalikuwa na baruti na mashine, hatujui wangalikoma wapi. Tena shaba hiyo iliingia katika biashara ambayo haikuwa na upole: M'siri, aliyetoka upande wa Unyamwezi akajenga dola yake Bunkeya, aliuza shaba na pembe za ndovu, na aliuza watu, na misafara iliyomfikia kutoka pwani ya mashariki ilinunua vyote vitatu, na alipouawa Desemba 1891, aliuawa na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, mtumishi wa Léopold, uliokuja kwa njia hiyo hiyo ya pwani. Utamaduni hautakaswi na umri wake. Nyumba ya makumbusho inayoonyesha kiti cha enzi na kuificha minyororo haifundishi uendelevu, inafundisha usahaulifu wa aina nyingine, na mtoto mwerevu ataugundua udanganyifu huo kabla hajafika mlango wa kutokea.

Kwa hiyo kiasi cha wazee hakikuwa fadhila yote, maana mtu hasifiwi kwa kuacha alichoshindwa kukifikia. Kilichokuwa chao kwa haki, na ambacho chaweza kurithiwa na watu wenye mashine, ni kwamba walipiga hodi. Mbele ya mlima walisimama kama mgeni asimamavyo mbele ya nyumba yenye wenyewe, wakitaraji kuitikiwa au kukataliwa. Na katika dhana hiyo, ya kwamba ardhi ina wenyewe ambao si sisi tu, mna falsafa zaidi kuliko katika ripoti nyingi nilizozisoma juu ya mazingira. Itikadi ya mizimu si lazima irithiwe na Mkristo au Mwislamu wa leo. Adabu ya hodi yaweza kurithiwa na yeyote.

Nchi hii ya Katanga, ni vema kukumbuka, imekwisha wahi kuupatia ulimwengu mjadala mkubwa wa falsafa. Kitabu cha Padre Placide Tempels juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa kwa Kifaransa hapa hapa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, mwaka 1945, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba kwa watu wa huku kuwepo ni kuwa na nguvu, na nguvu hizo zimefungamana tangu wahenga hata walio hai, hata wanyama na vitu. Wengi walimshangilia, kisha wengi wakamkosoa, na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi kabla ya kuhamia ng'ambo, alichunguza katika maisha yake yote ya kitaalamu jinsi elimu juu ya Afrika ilivyojengwa na wageni kwa mahitaji yao. Yahusuyo vitabu yahusu makabati pia. Kitu kikiwekwa nyuma ya kioo na kuandikiwa kabila, ubao na vipimo, kimekwisha semewa. Na lukasa ya Waluba, ubao wa shanga ambao wajuzi wa chama cha mbudye waliushika mkononi na kuupapasa kwa kidole huku wakisimulia wafalme, mipaka na miiko, ikiwekwa mahali pasipoguswa huwa kama kitabu kilichogundishwa kurasa zake.

Wenyeji wa Lubumbashi hawakungoja kusemewa. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huu historia ya Élisabethville kama ilivyojulikana na watumishi wa nyumbani, watu waliowasikia mabwana wakizungumza mezani bila ya kujali aliyesimama na sinia. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu aliichora historia ya nchi katika picha zaidi ya mia, akimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili. Mwaka 2000 ukaanza mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambamo Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake walikusanya kumbukumbu za familia za wafanyakazi wa migodi, na kimojawapo cha vitabu vyake kikapewa jina la Ukumbusho. Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1978, aliwasimamisha wafanyakazi wa picha za kikoloni juu ya magofu ya leo ya Gécamines, kampuni ya migodi ya dola, wafu na kutu katika karatasi moja. Na maonyesho makubwa ya sanaa ya Lubumbashi yaliyofanyika mwaka 2022 yalichukua jina lenye maana mbili kwa Kifaransa, la mji na la sumu.

Sumu hiyo si ya mithali. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walipima mkojo wa watu waishio karibu na migodi na viwanda, wakachapisha mwaka 2009 kwamba ulikuwa na madini mengi kupita kiasi, hasa kobalti. Na utafiti mwingine, uliotoka mwaka 2020, uliihusisha kazi ya migodini ya baba na watoto kuzaliwa na kasoro za maumbile. Na huko Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, ilipojulikana mnamo mwaka 2014 kwamba kobalti iko chini ya nyumba, watu walichimba vyumbani mwao. Sijui kama kuna kabati la makumbusho popote linaloweza kumfundisha mtoto kwa nguvu zaidi ya sakafu moja ya Kasulo, iliyokatwa ikaletwa kama ilivyo, na kuwekwa karibu na msalaba wa Sanga bila ya maelezo marefu. Kimoja kiliingia kaburini na mtu. Kwa kingine watu walifungua ardhi chini ya vitanda vyao. Kati ya viwili hivyo ndipo penye somo, na mwalimu hana haja ya kupaza sauti.

Amebaki shahidi mmoja, nalo ni ua. Katika vilima vya shaba huota mimea inayostahimili ardhi ambayo ingeua mingine, na mmojawapo, Haumaniastrum katangense, umeitwa ua la shaba kwa kuwa mtu akiliona hujua lililo chini yake. Guy de Plaen wa makumbusho ya Lubumbashi, akishirikiana na mtaalamu wa mimea François Malaisse, alilitumia ua hilo kwa kazi ambayo wengi wasingeifikiria: kutafuta mahali wazee walipoyeyushia shaba karne nyingi zilizopita. Kwani udongo wa tanuri zile ulibaki na shaba, na ua likauona, likaota juu yake. Maana yake ni mbili, nami sipendi kuitenga moja na nyingine. Ua limehifadhi kumbukumbu ya ustadi wa wazee vema kuliko daftari lolote. Na ua hilo hilo ni ushahidi kwamba uchafu wao, uliokuwa mdogo, haujatoka ardhini hadi leo. Basi wetu utatoka lini?

Baadhi ya mimea ya vilima hivyo haipatikani penginepo duniani. Huko Fungurume imefanywa juhudi ya kuihamisha kutoka vilima vinavyochimbwa, pamoja na udongo wake, na juhudi hiyo ni bora kuliko kutofanya kitu. Lakini ua lililohamishwa liko katika hali ya lukasa iliyo nyuma ya kioo, limenusurika na limeondolewa katika maneno yake. Ndiyo maana nasema elimu ya makumbusho haitatimia ndani ya kuta. Lubumbashi, kwa utajiri wote uliotoka chini yake, wastahili kilima kimoja cha shaba kilichowekwa wakfu, kisichochimbwa kwa sababu hiyo tu, chenye ua lake na vichuguu vyake na mabaki ya tanuri za wazee, na kiwe tawi la makumbusho ambalo mwanafunzi hulifikia kwa miguu na kusimama pale kwenye mpaka, akijua kilicho chini na bei yake, na kwamba hakitatolewa.

Wa kwanza kulipinga shauri hili huenda wasiwe wenye makampuni. Huenda wakawa vijana wachimbaji wenyewe, wenye haki ya kuuliza kwa nini kilima kipewe raha ilhali wao hawana ada ya shule ya watoto wao. Na hao hawajibiwi kwa mawaidha, hujibiwa kwa fedha. Nayo fedha ina mahali pa kutoka. Sheria ya migodi ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2018, imeagiza asilimia 10 ya mrabaha wa madini itengwe katika mfuko wa vizazi vijavyo, jambo ambalo wanazuoni wa mirathi wangelitambua mara moja kuwa ni fungu la aliye tumboni. Sehemu ndogo ya fungu hilo ingetosha kukitunza kilima, kuwalipa walinzi wake kutoka miongoni mwa wachimbaji, na kuwasomesha watoto wao. Lililobaki ni mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu huo. Ningependa awe baraza la watu wachache, wa machifu wa ardhi, chuo kikuu, wachimbaji na makumbusho, nao wawe na sharti moja lisilojadiliwa: kila mwaka wasome hesabu ya mfuko huo kwa sauti katika ukumbi wa makumbusho, senti kwa senti, na katika viti vya mbele wakalishwe wanafunzi wa shule za msingi, ambao ndio walio karibu zaidi na wenye mali.